Maji ya Bwana Mkubwa

Jumatatu, 6 Januari

Daftari hili lilikuwa la kemia. Kurasa za mbele zimejaa asidi na besi, na mwalimu ameweka alama ya vema kila ukurasa isipokuwa mmoja. Kurasa zilizobaki sasa ni zangu. Shule imekwisha, matokeo bado, na baba anasema si vizuri mtu mwenye mikono miwili kushinda kitandani akihesabu mabati ya paa. Ndiyo maana nimeletwa kwa dada yake, shangazi yangu, ghorofa ya tatu, ngazi hamsini na mbili.

Kazi yangu ni kutunza samaki. Nilidhani ni utani hadi nilipoingia sebuleni. Kuna tangi la kioo refu kama kitanda cha mtoto, maji yake ya chumvi kama ya bahari, mawe yenye mashimo, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe. Anaitwa Bwana Mkubwa. Marehemu mume wa shangazi alimnunua miaka kumi na minne iliyopita. Kuna pia kamba mmoja mwekundu, mwembamba, ambaye sikumwona. Huyo anaitwa Karani. Nikauliza kwa nini.

"Ukimhitaji hayupo," shangazi akasema. "Weka chakula uone."

Shangazi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Sasa figo zake zimeacha kazi. Kila Jumanne na Ijumaa anakwenda kliniki, analazwa muda wa saa nne, na mashine inamsafisha damu. Kwenye simu baba hakuniambia haya. Alisema samaki tu.

Jumanne, 7 Januari

Nimemsindikiza kliniki. Nimekaa kwenye benchi, nimerudi naye. Kupanda ngazi tumepumzika mara tano.

Nimejifunza vipimo viwili. Cha kwanza ni cha shangazi: vikombe vitatu vidogo kwa siku, vya kila kitu, hata mchuzi unahesabika, kwa sababu maji akishayanywa hayana pa kutokea. Cha pili ni cha tangi: kuna kipande cha utepe kwenye kioo, na maji hayatakiwi kushuka chini yake. Kila siku yanapungua kwa kukauka, na kila siku ni lazima yaongezwe, lakini ya bomba, yasiyo na chumvi. Nilikuwa tayari nimeshika pakiti ya chumvi.

"Weka hiyo chini," shangazi akasema. "Chumvi haikauki, yanayokauka ni maji. Ukimwongezea chumvi kila siku, mwisho wa mwezi utakuwa na samaki wa chumvi kabla hajafa."

Ijumaa, 10 Januari

Shangazi: vikombe vitatu. Tangi: jagi mbili. Nimechoka ingawa sijafanya kitu.

Jumanne, 14 Januari

Leo tuliporudi hakuvua viatu. Alikaa mbele ya tangi na mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa. Bwana Mkubwa akaja kwenye kioo, maana anamjua.

"Huyu ni wake," shangazi akasema. Alikuwa anamsema marehemu. "Mimi ni mlezi tu. Siku huyu atakapoondoka, na mimi sirudi tena kwenye kile kitanda chao cha kliniki. Nitakuwa nimemaliza zamu."

Alisema kama mtu anayesema sukari imekwisha. Nikasema nakwenda kuleta kikombe, nikaenda jikoni, nikasimama huko hadi aliponiita.

Jumapili, 19 Januari

Asubuhi nimemkuta Karani amekufa. Amelala ubavu mchangani, mweupe, ndevu zake ndefu zimetulia. Sikuwahi hata kumwona vizuri akiwa hai, na nimelia kama mjinga. Shangazi akatoka chumbani akiegemea ukuta.

"Nini?"

"Karani."

Akainama, akatazama, kisha akacheka. Sijamsikia akicheka tangu nije. "Mwanangu, huyo amevua nguo. Kamba akikua anavua ganda zima, na ndevu zake, na soksi zake. Mwenyewe yuko nyuma ya jiwe, anaona aibu."

Nilichungulia nyuma ya jiwe. Yupo, mwekundu, laini, anatetemeka.

"Mnafanana," shangazi akasema.

Jumatano, 22 Januari

Mvua iliyotarajiwa mwaka jana haikuja, na maji ya bomba sasa yanakuja siku mbili tatu tu kwa wiki, bila ratiba. Tunajaza pipa la jikoni. Yana ladha. Jirani wa chini, anayeitwa Mama Pacha, anasema wanayachanganya na ya kisima. Sabuni haitoi povu.

Kwenye kioo cha tangi kumeota utelezi wa kahawia. Nimeufuta. Jioni umerudi.

Alhamisi, 23 Januari

Nimefuta. Umerudi.

Ijumaa, 24 Januari

Leo nimezungumza na mtu. Naandika yote kwa sababu si kawaida yangu.

Nyuma ya chumba cha vitanda kliniki kuna mlango wa chuma, na anayeingia na kutoka humo ni mzee mwenye ovaroli ya bluu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Wauguzi wanamwita Fundi wa Maji. Leo alikuwa anapita na chupa mkononi, ameichomekea kitu kama kalamu chenye namba. Nilimtazama mno, akasimama.

"Unaijua hii?"

Nikamwamkia. Nikasema siijui.

"Inapima vilivyoyeyuka majini. Jicho haliwezi kuona chumvi ikishayeyuka. Hii inaona." Akanionyesha: tatu. "Haya ndiyo yanayopita jirani na damu ya huyo mama yako."

"Shangazi."

"Shangazi. Mapipa mazima kwa kikao kimoja. Ya bomba yakipita hapo, tunamzika."

Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia kuhusu tangi. Nilidhani atacheka. Akanifungulia mlango wa chuma. Ndani kuna mitungi mirefu kuliko mimi, mabomba, na mvumo usiokatika. Alinionyesha kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza unashika uchafu na mchanga. Wa pili una mkaa, unashika dawa waliyotia majini huko yanakotoka. Wa tatu ndani yake kuna utando uliokunjwa kama mkeka, maji yanasukumwa kwa nguvu, yanayopita ni maji peke yake, na yaliyoshindwa kupita yanatoka upande mwingine na taka zake zote. Wa mwisho una punje ndogo, zinadaka kilichoponyoka.

"Mimi samaki nawajua wakiwa kwenye sahani," akasema. "Lakini maji nayajua. Ziko mashine kama hizi ndogo, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Tafuta yenye vichujio hivi vinne. Mita isome sifuri. Isiposoma sifuri usikubali, hata aliyeuza akiapa."

Akanipa mita yake ya akiba. Nimrudishie mvua zikianza.

Maji ya pipa letu: 410.

Jumatatu, 27 Januari

Nimemwambia shangazi kuhusu mashine ya kuchuja. Akasema, "Chagua wewe. Wewe ndiye uliyesoma kemia." Baba amekubali kwenye simu.

Nimepima chini ya sinki kwa futi yake ya kushonea. Upana sentimita thelathini na nane, kimo arobaini na mbili, nyuma kuna bomba linalotokeza. Nimechora kwenye daftari.

Bomba: 455.

Alhamisi, 30 Januari

Dukani wana mashine za kila namna. Mbili tu zingeingia chini ya sinki. Moja ni fremu ya chuma, vichujio vinne, pampu ndogo ya kusukuma maji, haina urembo wowote. Ya pili ni nyeupe, inang'aa, ina kibomba chake na vichujio vitano.

"Nataka ya tangi la samaki," nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, ilibidi nirudie.

Muuzaji akagonga ile nyeupe. "Chukua hii, dada. Ni ya kunywa kabisa. Kama binadamu anakunywa, samaki ni nani?"

Nikasema nimeambiwa vinne.

"Hii ina vitano. Au shuleni siku hizi vinne vinazidi vitano?"

Wateja wawili walicheka. Nilikuwa na swali moja: hicho cha tano kinafanya nini? Nilikuwa nimeliandika hata kwenye daftari, na daftari lilikuwa mkononi. Nikasema, "Sawa."

Jumamosi, 1 Februari

Fundi wa bomba amekuja kuifunga. Imeingia chini ya sinki kama imeshonewa hapo. Shangazi alileta kiti, akatazama kazi yote kama anatazama harusi.

Maji ya kwanza nimeyamwaga kama kitabu kinavyosema. Nikapima ya pili: 92.

Nikapima tena. 92.

"Mita inasemaje?" shangazi akauliza.

"Imeshuka sana," nikasema. Kutoka mia nne na kitu hadi tisini. Imeshuka kweli.

Jumatatu, 3 Februari

Kwa kila ndoo moja inayochujwa, mashine inatupa tatu. Hilo nililijua, Fundi wa Maji alinionyesha, lakini sikulifikiria. Mrija wa taka tuliutia kwenye bomba la sinki, na bomba la sinki linatoka ukutani na kumwaga mtaroni, karibu na mlango wa Mama Pacha. Saa nne asubuhi alikuwa mlangoni kwetu, amejifunga kanga kiunoni.

"Hodi. Nyie mna mto huko ndani? Watu wanapanga foleni na madumu, hapa maji yanakimbia tangu alfajiri."

Shangazi alitaka kusimama, akashindwa, akabaki ameshika mkono wa kiti. Nikaona amejikunja kwa aibu. Mwanamke aliyeshonea watoto wa mtaa mzima sare.

"Karibu, Mama Pacha," akasema. "Ni ujinga wetu. Mtoto atatoa mrija."

Nimeutoa. Sasa unaingia kwenye pipa la pili, na Mama Pacha anakuja na ndoo zake asubuhi na jioni. Hayafai kwa tangi, lakini yanafua na yanadeki. Kabla hajaondoka alichungulia sebuleni.

"Yote haya kwa ajili ya huyo mmoja?"

"Na karani wake," shangazi akasema.

Ijumaa, 7 Februari

Shangazi: vikombe vitatu. Tangi: jagi mbili. Bomba: 520. Mashine: 95. Kioo kimefutwa.

Fundi aliniuliza kliniki, "Imesoma ngapi?" Nikasema vizuri. Hiyo si namba. Kabla hajauliza tena, aliitwa.

Jumatatu, 10 Februari

Utelezi umehama kutoka kahawia kwenda kijani. Umepanda juu ya mawe, una nyuzi. Bwana Mkubwa anajisugua kwenye jiwe kama mtu mwenye upele.

Jumatano, 12 Februari

Joto. Feni inakoroga joto lile lile. Shangazi analala mchana kutwa, mdomo umekauka, na mimi ndiye ninayeshika kikombe. Kumnyima mtu maji ni kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kupewa.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefuta kioo.

Jumanne, 18 Februari

Hakuenda.

Nilikuwa nimevaa, mkoba wake nimeuandaa, dereva amepiga honi mara mbili. Shangazi alikuwa amekaa mbele ya tangi na nguo za kulalia. Bwana Mkubwa alikuwa chini kabisa kwenye kona, mapezi yamebana, chakula kinaelea juu yake.

"Hali," akasema.

"Atakula baadaye."

"Mwambie dereva aende. Leo nimechoka."

Nilipaswa kusema kitu. Nikashuka ngazi hamsini na mbili nikamwambia dereva leo hapana, nikapanda. Kisha nikakaa jikoni karibu na ile mashine nyeupe na kusikiliza inavyotiririka.

Jumatano, 19 Februari

Miguu yake imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Hawezi kulala chali, anakosa pumzi, kwa hiyo amekaa kwenye kiti na mito. Muuguzi kwenye simu amefoka: Ijumaa asikose, na akizidiwa kabla tumpeleke haraka. Baba ameniuliza kwa nini sikumlazimisha.

Alhamisi, 20 Februari

Vikombe viwili. Hakuna mengine.

Ijumaa, 21 Februari

Leo nimesema uongo, na naandika hapa ili angalau daftari lijue.

Saa kumi na mbili asubuhi niliweka chakula kwenye tangi. Bwana Mkubwa hakuinua hata jicho. Nikachota chote kwa kijiko cha wavu, nikakimwaga. Nikavaa viatu. Nikaenda kugonga chumbani.

"Shangazi, Bwana Mkubwa amekula."

"Amekula?"

"Vyote. Twende. Dereva yuko chini."

Alitazama viatu vyangu. Kisha akanyoosha mkono nimwinue. Ngazini tulipumzika mara tisa.

Jumatatu, 24 Februari

Amekula mara moja, punje mbili. Naapa hii ni kweli.

Jumanne, 25 Februari

Nimesema uongo tena na tumekwenda tena. Lakini leo nilipofika benchi niliona siwezi kukaa. Nikaenda kugonga mlango wa chuma mwenyewe.

"Fundi, inasoma tisini na tano. Siku ya kwanza ilisoma tisini na mbili. Nilikudanganya."

Alivua miwani, akaipangusa kwa ovaroli, akaivaa. "Ina vichujio vingapi?"

"Vitano."

"Cha tano ndicho kinachorudisha madini. Utando unayatoa, halafu kile cha mwisho kinayatia mengine ili maji yawe na ladha. Binadamu atakunywa atashukuru. Samaki wako hajaomba utamu, huo unaliwa na utelezi." Akatikisa kichwa. "Kwani hukuuliza?"

"Niliona aibu."

Nilisubiri anigombeze. Badala yake akanisukumia daftari la kliniki na kalamu. "Macho yangu hayana kazi tena. Nisomee ile mita ya tatu, uandike mwenyewe."

Mbili nukta tano. Nikaandika. Ni daftari kama hili langu, ila kila siku ina namba na hakuna siku iliyorukwa, miaka na miaka.

"Siku nikiandika 'vizuri' humo," akasema, "ninyang'anyeni kalamu."

Jumatano, 26 Februari

Nimeifungua ile mashine nyeupe mwenyewe, nikaikausha, nikairudisha kwenye boksi lake, nikaibeba hadi dukani. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja.

"Cha tano kinarudisha madini. Mimi nilitaka ya tangi. Nataka ile yenye vinne."

Muuzaji hata hakuangalia boksi. "Ikishafungwa haibadilishwi, dada."

Nikasema, "Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Nikabaki nimesimama. Nilitoa mita na chupa mbili nilizobeba, ya bomba na ya mashine, nikaziweka juu ya kaunta kwa sababu mikono ilihitaji kufanya kitu. Watu waliingia na kutoka. Sikuondoka. Ilifika saa tano.

Akaingia baba mmoja mwenye shati la kazi, anatafuta mashine ya maji ya kunywa. Mama yake mzee anasema maji ya bomba ni kama amelamba ukuta. Muuzaji akasema zile nyeupe zimekwisha hadi mwezi ujao. Yule baba akaona boksi langu.

"Na hii?"

Muuzaji akanitazama. Mimi nikamtazama yule baba viatuni.

"Hii nimeitumia siku ishirini na tano," nikasema. "Haina ubovu. Bomba langu ni 520, hii inashusha hadi 95, na inarudisha madini ya kunywa. Kwa mama yako ni nzuri. Kwa samaki ndiyo haifai." Nikampimia chupa zote mbili aone. Nadhani ni maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu nisiyemjua.

"Samaki?" akasema. Akaonja ile chupa ya pili. "Naichukua hii hii."

Muuzaji alikwenda nyuma, akaleta ile ya fremu ya chuma, akaiweka mbele yangu. Nilipofika mlangoni akaniita.

"We dada. Unatafuta kazi?"

Nikasema ninayo.

Alhamisi, 27 Februari

Fundi wa bomba amecheka, ameifunga. Hii ni mbaya kwa sura, kama injini ya pikipiki. Imeingia kwa nafasi ya kidole kimoja.

Sifuri.

Nimempigia shangazi kelele aje aone, halafu nikakumbuka hawezi kukimbia, nikampelekea mita sebuleni. Aliishika mbali na macho, akaisoma kama barua.

"Sifuri ndiyo vizuri?"

"Ndiyo."

"Kemia yenu ya ajabu."

Jumapili, 2 Machi

Nimebadilisha robo ya maji. Nimechanganya chumvi na maji ya sifuri kwenye ndoo, nimekoroga hadi mkono ukafa ganzi. Mama Pacha amechukua ndoo sita za taka na ameleta mapacha wake waone samaki. Wamesema ni mdogo.

Jumamosi, 8 Machi

Mawe yanaanza kuonekana. Bwana Mkubwa ametoka kwenye kona. Amekula kweli, mbele ya shangazi.

Jumanne, 11 Machi

Shangazi: vikombe vitatu. Tangi: jagi mbili. Bomba: 560. Mashine: 0. Mapumziko ngazini: sita.

Ijumaa, 14 Machi

Maji yalikuwa safi kuliko siku zote tangu nije. Mtu angeweza kuhesabu chembe za mchanga. Bwana Mkubwa alikuwa amelala juu ya mchanga huo, ubavu, rangi yake ile ile. Nilisubiri aone aibu, ainuke. Nikamgusa kwa kijiko cha wavu.

Nilikaa sakafuni. Labda ni uzee, samaki wa aina yake hawafiki mbali sana zaidi ya hapo. Labda ni zile wiki zangu za 'sawa' na 'vizuri'. Sitajua. Nilichojua ni kwamba leo ni Ijumaa, dereva anakuja saa moja, na shangazi alisema siku huyu atakapoondoka.

Nilimsikia akiburuta miguu kutoka chumbani. Alisimama nyuma yangu. Tuliangalia wote.

"Haya," akasema mwisho. "Amemaliza zamu yake."

Sikuweza kugeuka.

"Mbona hujavaa viatu?" akasema.

Nikageuka. Alikuwa amevaa. Gauni la kliniki lenye mkono mpana, mkoba begani, kitambaa kichwani.

"Shangazi, ulisema..."

"Najua nilichosema. Dereva hapendi kusubiri."

Ngazini hatukuzungumza, ana pumzi ya jambo moja tu kwa wakati. Kwenye gari ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote, kuhusu tisini na mbili, na kuhusu chakula nilichokuwa nakichota na kukimwaga, na kwamba siku zile hakuwa amekula hata punje.

"Tangi liko sebuleni, mwanangu," akasema, "na chumba changu kina mlango. Mimi zimekufa figo, macho bado."

"Ulijua?"

"Ile Ijumaa nilikuona ukimwaga."

Dereva alikuwa anajifanya hasikii. Nilitazama nje, foleni ya watu na madumu kando ya barabara, ndefu hadi kwenye kona.

"Sasa kwa nini ulikwenda?"

Alifikiri kweli, kama vile nimemuuliza swali la mtihani.

"Ulikuwa umeshavaa viatu," akasema.

Jumanne, 18 Machi

Tumekwenda. Mapumziko sita.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Imeanza saa nane mchana bila kupiga hodi, na watu wote wa jengo wametoa kila chombo kwenye ngazi na varanda, hadi sufuria. Mama Pacha amepiga vigelegele, halafu amelalamika nguo zake zimelowa. Shangazi amenyoosha kiganja nje ya dirisha, akakirudisha kimejaa, akakilamba. Sikuandika kama kikombe.

Nilidhani tutaliuza tangi, au tutalimwaga. Asubuhi nilipouliza, shangazi aliniambia nisubiri, akaweka punje moja ya chakula. Baada ya muda zikatoka ndevu mbili nyekundu nyuma ya jiwe.

"Karani hajafukuzwa kazi," akasema.

Jumanne, 25 Machi

Nimemrudishia Fundi mita yake. Aliitia mfukoni, kisha akanipa daftari la kliniki. Nimesoma, nimeandika. Mbili nukta tatu. Amesema Ijumaa niwahi kidogo, kuna mitungi ya kuosha.

Tuliporudi nilikuta kitu cheupe mchangani, kimelala ubavu. Nilikitazama, nikaenda kwanza jikoni kuchukua jagi, nikajaza maji hadi kwenye utepe.

"Shangazi, Karani amevua nguo."

"Mwache avae," akasema kutoka chumbani. "Njoo univue viatu, mimi siwezi kuinama."

Shangazi: vikombe vitatu. Tangi: jagi moja, hewa ina unyevu. Viatu vyangu nimeviacha karibu na mlango.